Mtoto anaposema "labda" kwa kila kitu: maneno ya uwezekano kwa mwana wa Gredi ya 1

"Binti yangu ana miaka sita, yuko Gredi ya 1, tunaishi Umoja. Mwalimu alitoa kazi ya nyumbani: wataje mambo ambayo hakika yatatokea kesho, yale ambayo huenda yakatokea, na yale yasiyowezekana. Yeye kila mahali aliandika 'labda', hata kwenye jua kuchomoza. Halafu nikimwambia labda mvua itanyesha, na isinyeshe, ananiambia nimemdanganya. Tukicheza ludo, asipopata sita analia na kusema dadu inamchukia. Nimejaribu kumweleza kwamba kitu ama kitatokea ama hakitatokea, kwa hivyo ni nusu kwa nusu, lakini naona nazidi kumchanganya. Baba yake hataki kuona dadu nyumbani, anasema huko ndiko kubeti kunakoanzia. Na shosho yake humwambia kila kitu ni mapenzi ya Mungu, asikisie. Nianzie wapi? Ama bado ni mdogo sana?"

Si mdogo, dada. Miaka sita ni umri mzuri wa kuanza maneno ya uwezekano, ingawa si umri wa kuanza hesabu zake. Sehemu na asilimia zina wakati wake, na uwezekano kama mada ya hisabati huja mbele kabisa, mtoto akiwa sekondari msingi. Kwa sasa anahitaji kitu kidogo kuliko hicho, na sehemu kubwa ya kazi ni ya watu wazima walio karibu naye.

Umeuliza mengi kwa mpigo, lakini naona mengi yanatoka mahali pamoja: binti yako hajui neno "labda" linamtaka afanye nini. Sikiliza linavyotumika katika nyumba nyingi. "Mama, Jumamosi tutaenda Uhuru Park?" "Labda." Wewe unajua hamwendi, na baada ya Jumamosi mbili tatu naye anajua. "Utaninunulia viatu vyenye taa?" "Tutaona." Hapo labda ni hapana iliyosemwa kwa upole. Kisha asubuhi moja ya Aprili unatazama mawingu, unasema "labda mvua itanyesha", na safari hii unamaanisha hasa, mpaka unamtilia koti la mvua kwenye mkoba. Neno ni lile lile, maana mbili, na hakuna aliyemwambia ni ipi ya leo. Alipoandika labda kila mahali hakuwa mvivu. Amegundua kwamba hilo ndilo jibu ambalo mtu mzima hawezi kusema ni kosa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni yako na ya baba yake. Kwa wiki mbili, labda isitumike nyumbani kumaanisha hapana. Kama jibu ni hapana, semeni hapana na mvumilie kilio. Labda ibaki kwa mambo ambayo ninyi wenyewe mtajiandaa kwa pande zote mbili, na hayo maandalizi ayaone kwa macho: "Labda stima zitapotea jioni, kwa hivyo tunachaji taa sasa." "Labda maji yatakuja leo, labda hayaji, basi tunaacha ndoo mbili zimejaa." Ukisema labda na usifanye lolote, neno halina kazi, na mtoto hataona tofauti yake na "sijui, niache."

Hili la kujiandaa kwa mawili lina msingi katika utafiti. Mwaka 2016 Jonathan Redshaw na Thomas Suddendorf waliwapa watoto wadogo bomba lenye mdomo mmoja juu na midomo miwili chini, wakadondosha kitu ndani. Watoto wa miaka miwili waliweka mkono chini ya mdomo mmoja tu, wakakosa mara nyingi. Wengi wa miaka minne waliweka mikono yote miwili tangu mwanzo. Unaweza kulifanya hili kwako: hardware yoyote ina kiungo cha bomba la maji chenye umbo la Y. Chagua chenye upana wa kupitisha bano (gololi) bila kukwama, kigeuze mkia juu, udondoshe. Binti yako wa miaka sita atakinga mikono yote miwili bila kufundishwa, na hapo ndipo umpe neno: "Unaona? Labda huku, labda huku, ndiyo maana umekinga kote." Dakika tano zinatosha. Kama ana mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, bano zirudi mfukoni mwako mkimaliza, maana humezwa.

Sasa nikusahihishe wewe kidogo, na uwe radhi, kwa sababu kosa hili hata wenye digrii hulifanya. Kusema kitu ama kitatokea ama hakitatokea ni kweli. Kusema kwa sababu hiyo ni nusu kwa nusu si kweli. Kesho twiga ama atapita nje ya geti lenu Umoja ama hatapita, na hutamwekea majani. Idadi ya majibu yanayowezekana haisemi chochote kuhusu uzito wa kila jibu. Nusu kwa nusu inafaa pale tu ambapo hakuna sababu yoyote ya upande mmoja kuzidi mwingine, kama sarafu inayorushwa vizuri. Mwondolee hayo maelezo. Usiyasahihishe kwa hotuba. Chukua kifuniko cha chupa ya maji, mkirushe mara 20, na mweke alama kila kinapoangukia mdomo juu au mdomo chini. Kina pande mbili za kutua, lakini hakina sababu ya kuzigawa sawa, kwa kuwa upande mmoja ni mzito na mwingine ni wazi. Mara moja moja kitasimama wima kwa ukingo, naye atacheka. Iandikeni hiyo pia.

Turudi kwenye kazi ya mwalimu. Mtoto wa umri huu hahitaji maneno kumi, anahitaji matano yaliyopangwa. Funga kamba ya kuanikia nguo ndani ya nyumba, urefu wa hatua mbili hivi, na utundike karatasi tano kwa pegi: haiwezekani, sidhani, nusu kwa nusu, inakaa, hakika. Nimeweka "inakaa" kwa makusudi. Ndivyo tunavyosema Nairobi, "inakaa kutanyesha", na mtoto akiwa na neno analolisikia kila siku hatalisahau. Kwenye daftari la Kiswahili aandike "huenda" au "kuna uwezekano mkubwa", lakini kwenye kamba abaki na la nyumbani. Na kama karatasi za shule zinakuja kwa Kiingereza, dhana ishike kwanza katika lugha mnayoongea, kisha jina la Kiingereza libandikwe juu yake. Ukianza na jina atakariri tu.

"Labda" yenyewe usiiweke kwenye kamba. Inafaa kila mahali kuanzia sidhani mpaka inakaa, ndiyo maana ilimponza. Akisema labda, muulize: "Labda ya huku, au labda ya huku?" na umwache aende akaguse karatasi. Kwenda kwa miguu kunasaidia kuliko kuandika, hasa kwa mtoto ambaye bado anapambana na herufi.

Anzeni na ncha mbili kabla ya katikati, na hapo ndipo utakapokuta ugumu ambao wazazi hawautarajii. Mtoto mdogo huchanganya kisichowezekana na kile ambacho hajawahi kukiona. Andrew Shtulman na Susan Carey walionyesha mwaka 2007 kwamba watoto wa miaka minne hukana mambo ya nadra kana kwamba hayawezekani kabisa, na tofauti hiyo hukomaa taratibu kuelekea miaka minane. Kwa hiyo binti yako akisema "haiwezekani mwalimu avae viatu vya rangi mbili", usimcheke. Muulize: "Hawezi, au hajawahi?" Mwalimu kuvaa kiatu cheusi na cha kahawia ni sidhani. Mwalimu kuwa na miaka mitano kesho ni haiwezekani. Jua kuchomoza ni hakika. Mambo ya kupanga yapo tele mtaani kwenu: matatu ijayo kuwa na muziki, kukuta kuku akitaga chapati, Jumanne kufuata Jumatatu, kukutana na mtu mwenye jina kama lake. Zamu ya maji ni mfano mzuri kwa sababu ina ratiba. Siku ya zamu neno ni inakaa, kwa sababu mara nyingine huruka. Siku isiyo ya zamu ni sidhani. Mtoto ataona kwamba neno hubadilika kulingana na unachokijua, wala si kulingana na unachokitaka.

Baada ya kamba, soksi. Haya ndiyo mazoezi yanayofundisha kuliko mengine yote, na ndiyo yanayoharibika kwa mambo madogo, kwa hivyo nitayaeleza pole pole.

Tafuta soksi moja ndefu ya shule, hata iliyopoteza mwenzake. Haionyeshi ndani, na mkono wa mtoto unaingia. Kusanya vifuniko 10 vya plastiki vya chupa za maji, vyote vya kampuni moja, kwa maana vya kampuni tofauti hutofautiana kimo na vidole hujua. Paka rangi ya kucha upande wa ndani: vinane vyekundu, viwili buluu. Usipake vile viwili tu na kuacha vingine, kwa sababu kidole cha mtoto kitahisi utelezi na mchezo utakuwa umekwisha. Tengeneza pia vinane zaidi vya buluu ili baadaye uweze kubadilisha mchanganyiko. Acha vikauke usiku mzima.

Siku ya kwanza weka vyekundu vinane peke yake. Mwache aone ukitia. "Utatoa rangi gani?" Atoe mara tano, aguse hakika kwenye kamba. "Utatoa buluu?" Aguse haiwezekani. Inachosha haraka, na ni sawa ichoshe. Hakika inatakiwa ichoshe.

Siku ya pili ongeza buluu mbili. Utaratibu usibadilike: aseme neno kwanza, atingishe soksi, atoe bila kuchungulia, aonyeshe, aweke alama kwenye karatasi, arudishe. Mara 20. Ni kazi ya dakika kumi hivi, na msizidishe.

Makosa ni yale yale kila nyumba. La kwanza ni kusahau kurudisha kifuniko. Kisiporudi, soksi imebadilika, na mnachojaribu si kile mlichokisia. La pili ni kutotingisha: kilichorudishwa hukaa juu, mkono hukikuta tena, na mtoto hujifunza kwamba buluu "huja mara mbili mbili." La tatu ni la mzazi, nalo ndilo baya kuliko yote: mtoto anasema nyekundu, inatoka buluu, mzazi anasema "umekosea!" Hakukosea. Vinane kati ya kumi ni vyekundu, na kusema nyekundu lilikuwa kisio bora kabla ya kutoa na bado ni kisio bora baada ya kutoa. Mwambie: "Ulikisia vizuri. Safari hii imetoka ile ya nadra." Mtoto anayesikia sentensi hiyo mara nyingi ataanza kutenganisha kuchagua vizuri na kupata alichotaka, na hicho ndicho kitu hasa kinachokosekana pale analia kwenye ludo.

Unaweza kujiuliza kwa nini nimesema vinane na viwili, si tisa na kimoja. Ukiwa na kifuniko kimoja cha buluu kati ya 10 na ukatoa mara 20, uwezekano wa kutokiona kabisa ni kama asilimia 12. Maana yake karibu jioni moja kati ya nane mtoto atamaliza akiamini buluu haiwezekani, na utakuwa umemfundisha kinyume. Kwa viwili kati ya 10, hilo hutokea karibu mara moja tu katika jioni mia.

Wiki ya pili weka vitano kwa vitano. Hapa jiandae wewe, kwa kuwa utatarajia kumi kwa kumi na hutaipata. Katika kutoa mara 20, kumi kwa kumi kamili hutokea chini ya mara moja katika tano. Kinachotokea kwa kawaida ni rangi moja kupata kati ya 7 na 13. Kwa hiyo 12 kwa 8 ikija usitie mkono kurekebisha, wala usiseme "karibu ingekuwa sawa." Sema "ndivyo nusu kwa nusu inavyokaa", kisha hifadhini karatasi. Karatasi za siku tano mkizijumlisha zina vifuniko 100, na mgawanyo hukaribia nusu. Mtoto wa miaka sita hatahesabu asilimia, lakini ataona safu mbili za alama zinakaribiana urefu.

Kuna mtego mmoja ambao nakuomba uupite tu. Ukimpa soksi mbili, moja ina vyekundu vitatu kati ya vinne na nyingine vitano kati ya kumi, watoto wengi wa umri wake watachagua ya pili kutafuta nyekundu, kwa sababu tano ni nyingi kuliko tatu. Bado anahesabu vyekundu. Hajaanza kuvilinganisha na jumla. Hilo hukomaa baadaye, akishajua kugawanya. Ukimsukuma sasa atakariri jibu lako bila kuliona.

Dadu nayo. Watoto wengi huamini sita ni ngumu kuliko namba nyingine, na ludo ndiyo huwafundisha hivyo. Hakuna anayeisubiri mbili, ikija hatukumbuki. Sita ndiyo inayotoa kete nyumbani, kwa hivyo kila mara isipokuja tunaihesabu. Tena, mtoto halinganishi sita na mbili. Analinganisha sita na "si sita", ambayo ni nyuso tano dhidi ya mmoja, na hapo ana haki ya kuona si rahisi. Na kusubiri kwenyewe ni kurefu kweli: ukirusha dadu mara sita, kuna uwezekano wa karibu theluthi moja usiione sita hata mara moja. Katika mchezo wa watu wanne, karibu mara nne kati ya tano yuko mtu anayekaa hivyo. Binti yako hakuwa akibuni. Zamu hiyo ilikuwa yake.

Nisingeondoa ludo. Ningebadilisha sheria moja: kete itoke kwa sita au kwa moja. Nyumba nyingi hucheza hivyo tayari. Uwezekano wa kukaa zamu sita bila kutoka unashuka kutoka theluthi hadi chini ya asilimia 9, na machozi yanapungua kwa kiasi hicho hicho. Dadu irushwe kutoka kwenye kikombe, si kutoka mkononi, ili asiamini kwamba kuna namna ya kurusha inayoleta sita. Ile ya kusema sita ni "ngumu" muiache pia; kigumu ni kitu unachoweza kukishinda kwa bidii, kama kufunga kamba za viatu, na dadu haisikii bidii.

Kisha mchezeshe mbio za boda. Chora njia sita za visanduku vinane, kila njia ina namba ya dadu, na boda ya kila njia ni harage moja. Mnarusha dadu, namba iliyotoka inasogea kisanduku kimoja. Wa kwanza kufika mwisho ameshinda. Achague boda yake kabla ya kuanza, na mwandike mshindi ukutani. Mbio moja haisemi kitu. Mbio kumi kwa wiki mbili, na inakaa ataona kwamba boda ya sita hushinda kama nyingine na hushindwa kama nyingine. Ikiwa boda moja inashinda karibu kila siku, ishukuni dadu kabla ya kulaumu hesabu. Zile za bei ya chini huwa na tundu la hewa ndani au ukingo ulioliwa. Pande zinazotazamana za dadu ya kawaida hujumlisha saba, hilo mnaweza kulikagua pamoja, ingawa peke yake halithibitishi kwamba dadu iko sawa.

Kuhusu mvua na kudanganya, tumieni kalenda. Kila asubuhi kabla ya shule atoke nje, atazame juu, achague neno kwenye kamba, uliandike kwenye tarehe. Jioni achore tone kama ilinyesha. Mwisho wa mwezi hesabuni siku za "inakaa" na siku za "sidhani", kila kundi peke yake, muone ni ngapi zilipata tone. Kama inakaa ina matone mengi zaidi kuliko sidhani, maneno yake ni mazuri, hata kama kuna siku alizokosa. Hivyo ndivyo hata Idara ya Hali ya Hewa inavyopaswa kupimwa, kwa siku nyingi pamoja, si kwa ile Jumatano uliyolowa. Chagua mwezi unaofaa: Aprili au Novemba. Januari anga ni kavu na kila neno litakuwa sidhani. Julai ndiyo mbaya kabisa kwa mazoezi haya, kwa kuwa Nairobi wingu hukaa kutwa nzima na kisije kitu zaidi ya manyunyu. Mkishafanya Aprili, hapo Julai inakuwa somo lingine: wingu si dalili ile ile kila mwezi.

Shosho asibishwe mbele ya mtoto, na kwa kweli hakuna cha kubishania. Kusema Mungu akipenda ni kukiri kwamba kesho haiko mikononi mwetu. Kukisia ni kusema tumeona nini kufikia leo. Mkulima anayeomba mvua bado hupanda mwezi wa Machi, hapandi Januari. Mtoto anaweza kuambiwa yote mawili katika sentensi moja: "Mungu akipenda tutaenda kwa shosho Jumapili, na inakaa tutaenda, kwa sababu nauli iko tayari." Ninaloomba ni moja tu: jina la Mungu lisitumike kama ile labda ya hapana. Mtoto akizoea kwamba "Mungu akipenda" maana yake hatuendi, mmeharibu vitu viwili.

Baba yake ana hoja, na singependa uipuuze kwa sababu tu dadu ya ludo haina hatia. Kubeti ni kuweka kitu hatarini ili upate zaidi. Kwa hivyo wekeni mpaka huo wazi nyumbani: mnakisia, hamwekeani dau. Hakuna peremende kwa anayekisia sawa, hakuna shilingi, hakuna "ukishindwa utaosha vyombo." Zawadi humfanya mtoto atazame matokeo, wakati sisi tunataka atazame kisio.

Imani mbili ndizo zinazomshika anayebeti: kwamba zamu yake imekaribia kwa kuwa amepoteza sana, na kwamba mfululizo fulani una maana. Jaribu hili na baba, si na mtoto. Mwambie abuni kichwani na kuandika matokeo 20 ya kurusha sarafu, kisha arushe shilingi kumi mara 20 kwelikweli, simba upande mmoja, nembo ya taifa upande wa pili. Orodha aliyobuni itabadilika-badilika. Ile ya kweli, zaidi ya mara tatu kati ya nne, itakuwa na mahali ambapo upande mmoja umetoka mara nne au zaidi mfululizo. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti, mchezo wa kamari wenye namba nyekundu na nyeusi, liliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walipoteza fedha nyingi wakiweka kwenye nyekundu kwa sababu "lazima sasa ije." Gurudumu halikumbuki lilikotoka. Wala sarafu.

Lakini nisikupe ahadi nisiyoweza kuitimiza. Kujua uwezekano hakutoshi kumzuia mtu kubeti. Utafiti uliofanyika Kanada kwa wanafunzi wa chuo kikuu, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba waliofundishwa hesabu za kamari walizijua vizuri zaidi, ila hawakupunguza kucheza. Kwa hiyo mazoezi haya ni ya kufikiri vizuri. Ulinzi dhidi ya kubeti unatoka kwingine, na sehemu yake ni kile mtoto anachokiona kwenye simu za watu wazima. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti. Mtu mzima anayeshangilia mkeka wake wa kubeti sebuleni anafundisha zaidi ya dadu yoyote ya ludo. Kama baba bado hataki dadu, msigombane: soksi na vifuniko vinafanya kazi hiyo yote.

Ratiba isiwe nzito. Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, na kamba ikae ukutani wakati wote. Tegemea wiki sita hivi kabla hujamsikia akisema mwenyewe "sidhani, lakini inaweza" bila kuulizwa. Kulia kwenye ludo kutachelewa zaidi ya hapo, kwa sababu kushindwa kunauma hata anayejua hesabu.

Kuna dalili ambazo mazoezi ya nyumbani hayazitoshi. Kama akikaribia miaka saba bado anachanganya jana na kesho, hahesabu vitu 20 kwa kugusa kimoja kimoja, au hafuati maelekezo mafupi mpaka uyarudie kwa sauti kubwa, anza na mwalimu wake wa darasa, kisha akaguliwe masikio. Kama anauliza swali lile lile la wasiwasi mara nyingi kwa siku ("utarudi kweli?", "stima zitapotea?"), jibu halimtulizi, tumbo linamuuma asubuhi za shule au usingizi umevurugika kwa wiki kadhaa, hilo halihusu hesabu, ni hofu, na daktari wa watoto au mshauri nasaha anapaswa kumwona. Vivyo hivyo kilio cha ludo kikigeuka kujiumiza au kuumiza wengine.

Kwa upande wa kujifunza, Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC, na mwalimu mkuu anaweza kukuelekeza kilicho karibu nanyi. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE) iliyo Kasarani pia hufanya tathmini ya watoto. Ukienda, beba madaftari yake ya muhula huu, kadi ya kliniki, na zile karatasi za soksi zenye tarehe. Mtathmini ataona kwenye alama hizo jinsi anavyohesabu na anavyofuata utaratibu kwa wiki kadhaa, jambo ambalo mtoto aliyeshikwa na woga kwenye ofisi ngeni hawezi kumwonyesha kwa nusu saa.